Kiota cha Korongoni

Sauti ya mwewe haifanani na umbo lake. Ndege mkubwa vile, mwenye kucha za kuvunja mgongo wa nyoka, ungetegemea atishe hata kwa kulia. Badala yake analia kama mtu anayeburuta kiti cha mbao kwenye sakafu ya saruji: kwaa, kwaa, kwaa, halafu kimya.

Nilikuwa uani, nyumbani kwetu Gitting, namenya viazi pamoja na wanawake wa kijiji, siku chache baada ya kumzika mama, niliposikia sauti hiyo juu ya paa. Wanawake wote waliinua vichwa. Mmoja akapiga makofi na kupaza sauti, "Shaa! Nenda huko! Huoni tuna msiba?" Wengine wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachotoka kidogo na kurudi ndani haraka. Kuku aliwaita vifaranga wake, wakajificha chini ya toroli. Mimi nilibaki nimeshika kiazi mkono mmoja na kisu mkono mwingine, na kisu hakikusogea.

Siku ile ua ulikuwa umejaa. Watu walikunywa kwa vikombe vyetu, watoto wao walilala kwenye vitanda vyetu, na msichana mmoja alikuja na kipande cha bati kuchota makaa ya jiko letu ili awashe jiko la pili nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi peke yangu ndiye niliyemtazama yule msichana akiondoka na moto wetu, nikakumbuka mwaka ambao hakuna mtu aliyekanyaga ua huu, na wala hakuna aliyekubali kupokea moto kutoka kwetu.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Mama alikuwa amejifungua mapacha wawili wa kiume kwenye zahanati, na baba akawapa majina kabla hata hawajafika nyumbani: Petro na Paulo. Petro alitoka wa kwanza, naye alikuwa mtoto wa kelele. Akishikwa analia, akiwekwa chini analia. Paulo alikuwa mdogo zaidi, mpole, mwenye nywele laini kama vumbi la ngano. Nilimpenda Paulo zaidi kwa sababu moja tu ya kitoto, kwamba nilikabidhiwa yeye. Petro alikuwa mzito.

Paulo hakufikisha mwezi. Asubuhi moja yenye ukungu, ule ukungu wa Hanang unaoshuka mlimani na kuingia mpaka jikoni, niliamshwa na sauti ya mama. Hakuwa analia. Alikuwa anaita jina, "Paulo. Paulo," taratibu, kama mtu anayemwamsha mgeni kwa adabu. Ama, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba, alitoka kwenye chumba chake akiwa amejifunga shuka. Alimchukua mtoto, akamgusa kifuani, akamgeuza, akamgusa tena. Kisha akamtazama mama na kumwuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Ama hakuwa mtu mbaya. Nataka mjue hilo mapema, kwa sababu simulizi kama hizi humgeuza bibi kuwa shetani. Alikuwa ameshtuka, na mtu aliyeshtuka husema neno lililo karibu na ulimi. Lakini neno lilishatoka. Mama hakujibu. Alikuwa amekaa kitandani, Petro kifuani, na mahali pa Paulo kwenye godoro palikuwa pamebonyea, karibu kabisa na ubavu wake.

Tulimzika upande wa mbaazi, ndani ya mipaka ya shamba letu. Baada ya hapo, tukaingia metimani.

Wale wa kwetu wanaijua. Kwa wengine nieleze kidogo. Kwa desturi ya wazee wetu Wairaqw, vifo na misiba ya aina fulani, hasa ya mtoto anayenyonya, huiacha nyumba na kitu kinachoweza kuambukiza wengine, kama ugonjwa usioonekana. Kwa hiyo nyumba ile inajitenga kwa miezi. Hamwendi kwa watu, watu hawaji kwenu. Hampeani moto wala maji wala chombo. Mifugo yenu hailishwi pamoja na ya wengine. Haikuwa adhabu, wala hakuna aliyetuchukia. Ilikuwa kama mnavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Ila mgonjwa hakuwepo. Tulikuwepo sisi.

Siku hizi wengi wameacha, na hata wakati ule ilikuwa inakwisha. Padri alisema kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Majirani waliitikia "Amina," kisha wakaendelea kupita njia ya mbali. Mwalimu mkuu alituma ujumbe kwamba shule yake haina metimani. Ama akajibu kupitia kwa baba kwamba watoto wa shuleni wana mama zao, na mama zao wana hofu, na yeye hataki mjukuu wake atazamwe kama nyoka aliyeingia darasani. Baba, aliyekuwa katikati ya padri na mama yake mzazi, alichagua kukaa kimya. Alikuwa mtu wa kupenda maongezi, mtu wa mnada na soko la Katesh. Ndani ya wiki chache alianza kuongea na ng'ombe. Nilimsikia asubuhi akimwuliza maoni yake kuhusu mvua.

Mimi nilipewa mbuzi. Kwa kuwa hawakuruhusiwa kwenye malisho ya kijiji, nilikuwa nawapeleka ukingoni mwa korongo, mwisho wa shamba letu, mahali penye majani makavu na mawe na upepo usiochoka. Ng'ambo ya korongo lilianza shamba la kina Yuliana, rafiki yangu wa darasani. Jioni akitoka shule alikuja mpaka ukingo wa kwao, tukazungumza kwa kupiga kelele.

"Martinaaa! Bado hamjafa?"

"Bado!"

"Basi sikiliza! Leo tumefundishwa kugawanya kwa namba mbili!"

"Inakuwaje?"

"Namba ndogo unaiweka nje, kubwa unaiweka ndani, kama mtu na nyumba!"

"Halafu?"

"Halafu unateseka!"

Tulicheka, kila mmoja upande wake, na korongo likarudisha vicheko vyetu vimechanganyika. Lakini siku upepo ukivuma kutoka kwetu kwenda kwao, Yuliana hakuja. Mama yake alikuwa amemkataza kusimama mahali unapofikia upepo wetu. Siku hizo ndizo nilizobaki na mwewe.

Kwetu neno mwewe linabeba ndege zaidi ya mmoja. Yupo yule wa kahawia, mwenye mkia uliopasuka katikati, mwizi wa vifaranga na wa nyama mnadani. Huyu wangu hakuwa yeye. Alikuwa mweusi mgongoni, mweupe tumboni kama aliyevaa fulana safi, na mkia wake mfupi ulikuwa na rangi ya tofali lililochomwa. Walikuwa wawili, dume na jike, na jike ndiye mkubwa. Upepo ulipokuwa mkali, dume alisimama hewani juu ya korongo bila kupiga mabawa, amekaa tu kama kitu kilichotundikwa kwa uzi, kichwa kimeinama, akichungulia chini. Kisha alikunja mabawa na kuanguka. Alipoinuka, miguuni mara nyingi alikuwa na fuko, yule mchimbaji wa viazi anayewaudhi wakulima wa kwetu, au mjusi ambaye mkia wake bado unazungukazunguka.

Kiota chao kilikuwa juu ya mgunga uliomea ndani ya korongo, shina lake chini kabisa kwenye mchanga, kilele chake kikiwa chini kidogo ya ukingo niliokaa. Kwa hiyo, jambo ambalo si kila mtu hulipata, mimi nilitazama kiota kutoka juu. Kilikuwa rundo kubwa la vijiti, pana kama ungo wa kupepetea ngano, na katikati palitandikwa majani mabichi. Jike alikuwa akileta majani hayo mapya kila mara, vitawi vidogo, akiviweka kwa mdomo na kuvirekebisha kama mtu anayetandika kitanda. Mwanzoni alikalia mayai, siku baada ya siku, jua likimpiga mgongoni, na dume akimletea chakula. Halafu siku moja alianza kusimama badala ya kulala, akiinamisha kichwa chini ya kifua chake, na nikaona kitu cheupe kikitingishika. Baada ya siku chache wakawa wawili.

Sikuwa na mtu wa kumwambia. Yuliana alikuwa amefungwa na upepo, baba alikuwa na ng'ombe wake, Ama hakutaka habari za ndege. Nikamwambia mama.

Mama alikuwa hatoki. Tangu tulipotoka upande wa mbaazi aliingia ndani, na ndani akabaki. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, kwenye chumba chenye dirisha dogo la mbao, na Petro alikuwa mapajani mwake kama mzigo alioombwa na mtu mwingine amshikie. Mtoto akilia, alimpa ziwa, lakini aligeuzia uso ukutani. Siku zilivyokwenda maziwa yakapungua. Petro, mtoto wa kelele, alianza kupunguza kelele. Ama alichemsha maziwa ya ng'ombe, akayachanganya na maji, akamnywesha kwa kijiko. Nusu ilimwagika shingoni. Jioni moja nilimsikia Ama akimwambia baba pale motoni, bila kushusha sauti:

"Huyu naye anaondoka."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisiseme nini? Mkono wake umekuwa kama wa chura. Mnamtazama tu. Tutachimba tena pale pale kwenye mbaazi, na majirani watatuogopa mwaka wa pili."

Baba alisogeza ukuni motoni. Na mimi, niliyekuwa nimekaa na bakuli la makande, niliacha kula. Nilikuwa nimejua kwamba Petro amekonda. Sikuwa nimejua kwamba kukonda kunaelekea mahali.

Kwa hiyo usishangae kwamba nilimpelekea mama habari za mwewe. Zilikuwa habari pekee nilizokuwa nazo ambazo hazikuhusu sisi. Nilikaa mlangoni kwake kila jioni, mbuzi wakiwa wameshafungwa, nikamweleza kwa mpangilio: nani alikuja kwanza, alileta nini, nani alikula. Mama hakunitazama, lakini alikuwa anasikiliza. Nilijua kwa sababu siku ya pili au ya tatu aliniuliza.

"Wote wawili wanakula?"

"Mkubwa anakula sana. Mdogo anapata kidogo."

"Kwa nini?"

"Mkubwa anamdonoa."

"Na mama yao alikuwa wapi?"

"Alikuwa pale pale, mama. Amesimama."

Hilo likawa swali lake. Kila jioni nilipomaliza taarifa yangu, aliuliza hilo hilo, kwa sauti ile ile: na mama yao alikuwa wapi? Nami nilijibu kweli, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kupenda kweli na sikuona sababu ya kupamba. Alikuwa kiotani. Alikuwa pembeni, kwenye tawi. Alikuwa ameshika fuko kwa kucha, anachana nyama.

Kilichokuwa kinatokea kiotani sikukielewa, na nilikichukia. Leo nimeshasoma na kuuliza, najua kwamba ndivyo walivyo ndege wengi wa aina hii. Jike hutaga mawili na kuanza kukalia tangu yai la kwanza, kwa hiyo wa kwanza huanguliwa mapema na kuwa mkubwa kabla mwenzake hajatoka. Chakula kikipatikana au kisipopatikana, mara nyingi mkubwa humwandama mdogo. Nilichokiona kwa macho ya miaka tisa kilikuwa ni vile viumbe viwili vyeupe, vya manyoya kama pamba iliyochambuliwa vibaya. Mmoja akawa anampiga mwenzake mdomo kichwani, na mgongoni, na shingoni. Mdogo hakupigana. Aliinamisha kichwa na kuonyesha kisogo, kama mtoto anayesubiri viboko. Alipojaribu kuinua mdomo aombe chakula, alipigwa tena. Na mama yao alisimama juu yao akiwa na kipande cha nyama mdomoni, akingoja. Alingoja mpaka kupigana kulipokwisha, kisha akampa yule aliyekuwa ameinua kichwa. Aliyeinua kichwa alikuwa daima yule yule.

Nilitupa mawe. Hayakufika. Nilipiga kelele, mbuzi wakakimbia, na jike akanitazama mara moja kwa jicho lake la kahawia, kisha akarudia kazi yake.

Usiku wa siku ile Paulo alipokufa, kupitia ukuta wa udongo, nilikuwa nimemsikia mama akimwambia baba, "Nilimpa huyu kwanza kwa sababu alilia. Yule alinyamaza, nikadhani amelala." Nililisikia, nikalala. Kichwani mwangu maneno hayo na kiota vilikaa kwenye vyumba viwili tofauti, na mlango kati yao haukuwepo. Mtoto anaweza kuona kila kitu na asiunganishe chochote.

Kisha ikafika siku niliyokuta mdogo amelala ubavu. Mkubwa alikuwa amekaa karibu naye, ameshiba, kifua kimevimba. Nilikaa ukingoni tangu mbuzi walipoanza kula mpaka jua likawa kali, nikisubiri mdogo ainue kichwa. Upepo uliinua manyoya yake, nikafurahi, kisha nikaona ni upepo. Niliwaacha mbuzi, nikakimbia nyumbani. Niliingia chumbani bila kubisha hodi.

"Mama, amekufa. Yule mdogo."

Aligeuka kutoka ukutani. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kuuona uso wake wote.

"Na mama yao alikuwa wapi?"

"Alikuwa pale pale!" Nilikuwa nalia kwa hasira. "Alikuwa pale pale, mama, siku zote alikuwa pale pale! Hakufanya kitu!"

"Yuko wapi sasa?"

"Yupo. Bado yupo."

Alisimama. Alimchukua Petro, akamfunga mgongoni kwa kitenge, akatoka nje. Ama, aliyekuwa anapembua maharage, aliinua kichwa na kufungua mdomo, kisha akaufunga. Shamba lilikuwa letu mpaka korongoni, hakukuwa na mwiko uliovunjwa. Mama alitembea akifinya macho kwa jua, kama mtu aliyetoka gerezani, akikanyaga matuta ya viazi bila kuangalia. Nilimkimbilia mbele kumwonyesha njia.

Tulikaa ukingoni. Ilikuwa adhuhuri, saa ambayo mawe ya kwetu yanachoma hata kwenye miezi ya baridi, kwa sababu hewa ya mlimani haina kitu cha kuzuia jua. Dume hakuwepo. Jike alikuwa amesimama katikati ya kiota, mgongo wake kwa jua, na alikuwa amefungua mabawa yake yote mawili nusu, ameyashusha pembeni kama mtu aliyeshika shuka kwa mikono miwili. Alikuwa anahema, mdomo wazi. Alikuwa anatia kivuli.

Chini ya kivuli alikuwa yule mkubwa, amelala usingizi. Na karibu yake, kwenye majani mabichi ya asubuhi ile, alikuwa mdogo. Jike hakuwa amemsukuma nje. Hakuwa amemla, kama nilivyosoma baadaye kwamba wakati mwingine hutokea. Kesho yake hakuwepo, na sikuona nani aliyemwondoa, kwa hiyo sitasema. Lakini saa ile alikuwepo, na kivuli kiliwafunika wote wawili.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Nilimtazama yeye, kwa sababu kiota nilikuwa nakijua. Nilingoja amlaani yule ndege. Nilikuwa nimemleta kwa ajili hiyo. Sikujua kama nilikuwa mwendesha mashtaka, lakini ndivyo nilivyokuwa, na mama alikuwa hakimu wangu. Hakumlaani. Jike alihama mguu mmoja, akarekebisha bawa, kivuli kikasogea na jua. Ndipo nilipoona kwamba gauni la mama limelowa kifuani, madoa mawili yakipanuka polepole kwenye kitambaa. Nilidhani ni machozi, nikashangaa yamefikaje pale bila kupitia usoni, maana uso wake ulikuwa mkavu.

Alimfungua Petro mgongoni. Alimweka ziwani pale pale ukingoni, kwenye upepo, na akamtazama usoni. Petro alinyonya kwa pupa, akakohoa, akanyonya tena. Mama aliinama juu yake, na kitenge chake kikaanguka mbele kikamkinga na jua.

Ng'ambo, Yuliana alikuwa ametokea, maana siku ile hakukuwa na shule. Alisimama kimya, asijue kama aite au asiite. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwao. Hakukimbia.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile mama alipona. Petro ndiye aliyepona. Mama alirudi shambani, alipika, metimani ilipokwisha alikwenda kanisani na kusalimiana na watu waliokuwa wakimkwepa, bila kinyongo. Lakini kuna kitu kilibaki kwenye mbaazi. Akigawa ugali, mkono wake ulikawia kidogo juu ya sufuria baada ya sahani ya mwisho. Na hakuwahi kuniuliza tena habari za mwewe, hata siku yule kinda mkubwa aliporuka, akayumba hewani na kujibamiza kwenye mti. Nilimsimulia kwa kicheko, naye alitikisa kichwa tu. Niliona uchungu kidogo. Nilidhani amechoka na ripoti zangu.

Sasa nirudi uani, kwenye viazi.

Mama alikufa alfajiri, nikiwa naye. Nilikuwa nimekuja kutoka Babati kumuuguza, na miezi yote ile nililala kwenye kiti kando ya kitanda chake, mkono wangu juu ya wake. Alfajiri ile usingizi ulinichukua. Nilipoamka mkono ulikuwa ule ule, mahali pale pale, lakini yeye hakuwepo. Nilimpigia simu Petro, ambaye siku hizi anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano kule Basotu, jitu la watu, sauti ya kujaza chumba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bila kujua anauliza:

"Dada, ulikuwa wapi?"

Na mimi sikujibu. Nilikata simu, nikasingizia mtandao. Tangu siku ile mpaka mazishi, na baada ya mazishi, tulikuwa tukipishana kwenye ua ule bila kutazamana, mimi na Petro, tukigawiana kazi kupitia kwa watu wengine.

Ndiyo maana kisu hakikusogea nilipomsikia mwewe. Kwa miaka yote nilidhani kwamba jioni zile mlangoni nilikuwa namshtaki yule ndege, na kwamba mama alikuwa ananisikiliza nikimshtaki. Kumbe alikuwa anasikiliza jibu tu. Ama alimwuliza mara moja, naye hakuwa na ulimi wa kujibu. Basi akawa anamtuma mtoto wake kila siku korongoni akamletee jibu hilo, na mtoto alilileta kila jioni bila kujua amebeba nini. Alikuwa pale pale. Wala hakuhitaji kuambiwa kwamba hana kosa. Hilo watu walimwambia, padri alimwambia, na halikumsaidia. Alihitaji mtu mmoja aseme kwamba inawezekana mama awepo, macho yakiwa wazi na mabawa yakiwa wazi, na mtoto afe hata hivyo.

Nilinawa mikono. Wanawake walidhani nimechoka, mmoja akasema, "Kapumzike, mwanangu, viazi tutamaliza." Petro alikuwa peke yake kwenye benchi upande wa mbaazi, mbele ya udongo mpya wa kaburi la mama na, kando yake, ule mwinuko mdogo ambao miaka mingi ya jembe ilikuwa imeukwepa. Hakugeuka.

"Uliniuliza nilikuwa wapi," nikamwambia.

"Achana nayo, dada. Nilisema vibaya."

"Hukusema vibaya. Nilikuwa pale pale, Petro. Mkono wangu ulikuwa juu ya wake."

Juu yetu mwewe alikuwa amesimama kwenye upepo, mkia wake wa tofali ukigeuka kidogo huku na huku, na kivuli chake kilipita juu ya udongo mpya, kikapanda mwinuko mdogo, kikatupita na sisi. Petro aliinua uso kukifuata. Kisha akasogea upande mmoja wa benchi, jitu lile, akaniachia nafasi nikae.